"Bima ya kazini": kisa cha kufundishia washauri wa kujitolea wa Medicare

Kisa hiki ni cha mafunzo. Familia iliyomo ni ya kubuni, lakini kanuni, tarehe na viwango vya dola ni vya Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa walio na miaka 65 na zaidi, kama vilivyokuwa mwaka 2023 hadi 2025. Kimeandikwa kwa ajili ya wanaojitolea katika SHIP, mpango unaowasaidia watu kuielewa Medicare bila kuwatoza chochote. Mpango huo chimbuko lake ni jimbo la Washington mwaka 1979, kwa jina la SHIBA. Sheria ya 1990 ikaueneza nchi nzima, na mwaka 2014 usimamizi wake ukahamia kwenye idara ya serikali kuu iitwayo Administration for Community Living. Majimbo yanauita majina tofauti: California ni HICAP, Florida ni SHINE, na Minnesota mtu hupiga simu Senior LinkAge Line.

Pale wanapoishi wazee waliotoka Kongo, Tanzania, Kenya au Burundi, mshauri anayezungumza Kiswahili hutafutwa sana. Lakini kuijua lugha hakutoshi. Katika kisa hiki Kiswahili chenyewe ndicho kilichoficha kosa, na adabu yetu kwa wazee nusura ilifiche la pili.

Mezani

Ni wiki ya pili ya Novemba 2024. Anaingia mzee wa miaka 68, mzaliwa wa Kigoma, raia wa Marekani, pamoja na mkewe wa miaka 62. Mzee alifanya kazi kiwandani miaka 14, kwenye kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 100, akaacha kazi tarehe 31 Mei 2023. Mkononi ana bahasha yenye karatasi tano: kadi yake ya Medicare, barua inayosema bima yake inakwisha 30 Novemba, barua ya Social Security (ofisi ya pensheni ya serikali), taarifa ya benki, na bili ya kliniki ya dola 640 ya mwezi Septemba. Bili hiyo bima ilikwishailipa, kisha ikaandika kuzidai pesa zake zirudi, kwa maelezo kwamba Medicare ndiyo iliyopaswa kulipa kwanza.

Mshauri ni binti aliyemaliza masomo ya mtandaoni na kufaulu mtihani. Anaamkia, anaketi, anauliza.

"Mzee, una Medicare?"

"Ninayo, mwanangu. Kadi hii hapa."

"Na bima nyingine?"

"Ninayo ya kazini. Ndiyo inayoisha mwezi huu."

Binti anaandika: ana Medicare, ana bima ya kazini hadi 30 Novemba. Anamwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa bima ya kazini ikikoma mtu anapewa miezi 8 ya kujiandikisha Sehemu B ya Medicare bila adhabu. Mzee anashukuru, anafunga bahasha. Yote yamechukua dakika sita, na karibu kila kilichoandikwa hakiko sawa.

Kadi na neno

Tuanze na kadi, kwa sababu ilikuwa mezani na haikusomwa. Kadi ya Medicare ni ya karatasi, nyeupe yenye mistari ya buluu na nyekundu. Chini ya namba kuna nafasi ya mistari miwili: HOSPITAL (PART A) na MEDICAL (PART B), kila mmoja na tarehe yake ya kuanza. Kadi ya mzee ilikuwa na mstari mmoja tu, wa PART A. Alipoomba pensheni yake ya Social Security baada ya miaka 65, Sehemu A ilikuja yenyewe bila ada, kwa kuwa alikwisha kuchangia zaidi ya miaka 10. Sehemu B, inayolipia daktari, vipimo na kliniki, aliikataa kwenye fomu. Sababu yake ilikuwa moja: bima ya kazini ninayo.

Hapo ndipo neno lilipowapoteza wote wawili. Kwa Kiswahili chetu, bima uliyoipata kupitia mwajiri ni "bima ya kazini", uwe bado unaingia kazini au uliondoka mwaka juzi. Medicare haioni hivyo. Bima inayomruhusu mtu kuichelewesha Sehemu B bila adhabu ni ile inayotokana na kazi anayoifanya sasa, yake au ya mwenzi wake. Aliyokuwa nayo mzee tangu Juni 2023 ni COBRA: haki ya kuendelea na bima ya kampuni baada ya kuacha kazi, kwa kawaida miezi 18, huku mtu akilipa mwenyewe hadi 102% ya gharama yote. Tumeweka dola 1,180 kwa mwezi kwa watu wawili, yaani dola 21,240 kwa miezi 18. Katika miezi hiyohiyo Sehemu B ilikuwa dola 164.90 kwa mwezi mwaka 2023 na dola 174.70 mwaka 2024. Ni kweli COBRA ilimhudumia na mke, na ilikuwa na dawa ndani yake, kwa hiyo hesabu hizi mbili hazilingani moja kwa moja. Hata hivyo mzee alikuwa analipa pesa nyingi kwa bima ambayo, kwa mtu mwenye haki ya Medicare, hulipa ya pili. Bima inayolipa ya pili inaweza kukataa sehemu ambayo Medicare ingelipa, hata kama mtu huyo hakujiandikisha. Ile bili ya dola 640 ilitoka hapo.

Miezi 8 aliyotajiwa na binti ni kanuni ya kweli. Kosa liko mahali pa kuanzia kuhesabu: huanza mwezi unaofuata kazi au bima ya kazi hiyo kukoma, lolote litakalotangulia, na COBRA haiisogezi. Kwa mzee ilianza Juni 2023 ikafungwa 31 Januari 2024. Kwa hiyo aliambiwa ana miezi 8 mbele yake ilhali mlango ulikuwa umefungwa kwa zaidi ya miezi 9.

Ndiyo maana tunamkataza mshauri kuuliza "Una bima ya kazini?" Maswali yanayotakiwa ni matatu, na yanaulizwa kwa Kiswahili cha kawaida kabisa: "Bado unaingia kazini? Siku yako ya mwisho ilikuwa lini? Bima hiyo inakatwa kwenye mshahara, au wewe mwenyewe unatuma pesa kila mwezi?" Anayetuma pesa mwenyewe karibu kila mara yuko COBRA au kwenye bima ya wastaafu. Na la nne, kwa aliye bado kazini: kampuni ina watu wangapi? Chini ya 20, Medicare ndiyo hulipa kwanza, na anayekosa Sehemu B hapo anaweza kubaki na bili yote.

Jibu sahihi ambalo bado lina hasara

Tuseme binti ameyauliza yote hayo. Sasa anajua dirisha maalumu, ile miezi 8, limefungwa, na anatoa jibu lililo kwenye kitabu: mzee asubiri dirisha la jumla, 1 Januari hadi 31 Machi 2025. Akijiandikisha Januari, Sehemu B itaanza 1 Februari. Adhabu ni 10% kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila Sehemu B wakati hana bima ya kazi anayoifanya. Kuanzia Juni 2023 hadi Januari 2025 ni miezi 20. Ndani yake mna miezi 12 kamili mara moja tu. Ada ya 2025 ni dola 185, adhabu dola 18.50, jumla dola 203.50 kwa mwezi, na adhabu hiyo hubaki kwa muda wote atakaokuwa na Sehemu B.

Hesabu haina kosa, na kwenye mtihani ingepata alama zote. Lakini kwa familia hii jibu hilo linamwacha mzee Desemba na Januari bila bima ya daktari, linamtoza adhabu ambayo hakulazimika kuilipa, na ile bili ya 640 linaiacha mezani.

Kabla ya kukubali adhabu, mshauri aliyefunzwa anagonga milango mingine. Upo wa makosa ya mwajiri: tangu 1 Januari 2023, mtu aliyepotoshwa na mwajiri wake au bima ya mwajiri anaweza kuomba dirisha la miezi 6 kwa fomu CMS-10797. Unadai ushahidi kwamba aliambiwa jambo lisilo kweli. Barua ya kampuni ya mzee ilisema tu kwamba anaweza kuendelea na bima kwa miezi 18. Kuhusu Medicare ilinyamaza. Kunyamaza hakuhesabiki kuwa kupotosha, kwa hiyo mlango huu haufunguki. Upo wa pili, wa aliyepotoshwa na mfanyakazi wa serikali. Mshauri anauliza nani alisema nini na siku gani. Hapa fomu ilijazwa na kijana wao kwenye kompyuta nyumbani, wala hakuna karani aliyeulizwa. Nao haufunguki.

Unabaki mlango mmoja, na huo hauonekani mpaka liulizwe swali la pesa.

Swali la pesa

Tunapowatazama wanafunzi wakiigiza kisa hiki, hapa ndipo wanapoteleza hata walio hodari. Kijana wa Kiswahili hamwulizi mzee wa watu anapata shilingi ngapi. Ni utovu wa adabu, tena mbele ya mkewe. Mwingine huona haya, analiruka, na moyoni anadhani amemheshimu mzee. Huku ni kumnyima haki yake, na tunalisema hivyo bila kuzungukazunguka darasani.

Njia iliyo nyepesi ni kuliondolea swali ubinafsi: "Mzee, kuna maswali mawili ya pesa ambayo kila anayekaa hapa lazima nimuulize, awe nacho au asiwe nacho, maana jimbo lina pesa za kulipia Sehemu B za watu ambao hawajui. Naomba ruhusa niulize." Ruhusa iombwe kweli, na jibu lisubiriwe. Wapo watakaosema, "Mimi si maskini, mwanangu." Usibishane. Mwonyeshe kiwango kilichochapishwa na umwache asome mwenyewe. Fundi, mwalimu mstaafu na mfanyabiashara wa zamani, wote hujikuta humo.

Mpango wenyewe unaitwa Medicare Savings Program, na unaendeshwa na ofisi ya jimbo ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 2024, katika majimbo mengi, viwango vya mume na mke kwa mwezi vilikuwa dola 1,724 kwa daraja la QMB, 2,064 kwa SLMB na 2,320 kwa QI, na akiba isizidi dola 14,130. Nyumba wanayoishi na gari moja havihesabiwi. Majimbo mengine yamelegeza zaidi. New York, kwa mfano, haiangalii akiba kabisa. Mshauri atumie karatasi ya jimbo lake na ya mwaka huo.

Sasa hesabu ya familia. Mzee anapata dola 1,390 za Social Security kabla ya makato. Mke anasafisha ofisi saa chache na kupata dola 865 kabla ya makato. Jumla ni 2,255, na mwanafunzi anayelinganisha 2,255 na 2,064 atasema wamezidi SLMB. Hajui kwamba mshahara hauhesabiwi wote. Katika 865 zinatolewa 65, zinabaki 800, na nusu yake, 400, ndiyo inayohesabiwa. Kwa hiyo 1,390 na 400 ni 1,790. Viwango nilivyotaja vimekwisha kuongezewa ile dola 20 ambayo haihesabiwi kwa kila nyumba, kwa hiyo usiitoe tena. Kuitoa mara mbili ni kosa tunaloliona kila darasa. Dola 1,790 imezidi QMB kidogo, na iko ndani ya SLMB. Akiba yao ni dola 6,200. Anayeamua ni jimbo, mshauri anakadiria tu, na amwambie mzee hivyo kwa maneno hayohayo. Lakini makadirio yanatosha kusema: ombeni leo.

Kwa nini leo? Jimbo likimkubali mtu SLMB, humnunulia Sehemu B lenyewe, bila kungoja Januari, na adhabu ya kuchelewa hufutika. Zaidi ya hapo, SLMB inaweza kurudi nyuma hadi miezi 3 kabla ya mwezi wa ombi, ikiwa sifa zilikuwepo. Ombi la Novemba linaweza kufika Agosti 2024. Bili ya kliniki ni ya Septemba. Kliniki ina mwaka mmoja tangu siku ya matibabu kuidai Medicare. Medicare italipa kwa kiwango chake baada ya dola 240 za mwanzo za mwaka 2024, mgonjwa atabaki na 20%, na hapo COBRA, ambayo Septemba ilikuwa hai, inadaiwa ikiwa ya pili. Mzee asilipe zile 640 sasa. Aipigie kliniki simu, aombe deni lisimamishwe hadi jimbo lijibu, na aandike jina la aliyempokea.

Na dawa nazo: aliyekubaliwa katika daraja lolote la mpango huu hupata Extra Help, msaada wa kulipia dawa, bila kuomba. Mwaka 2025 hiyo ni kulipa si zaidi ya dola 4.90 kwa dawa isiyo na jina la kampuni na dola 12.15 kwa yenye jina. Wakati huohuo Sehemu D, ile ya dawa, asiichelewe. Akipitisha siku 63 bila bima ya dawa inayotambuliwa, adhabu nyingine inaanza kuhesabiwa. Kwa kuwa COBRA inakwisha 30 Novemba, anaweza kuchagua mpango wa dawa mwezi huohuo ukaanza 1 Desemba. Sehemu A aliyonayo inatosha kumpa haki hiyo. Barua ya COBRA inayothibitisha kuwa dawa zake zilitambuliwa iingie kwenye bahasha, isitupwe.

Mke

Mke husahaulika kwa kuwa kiti ni cha mzee. Naye anapoteza bima 30 Novemba, na hana miaka 65. Mapato ya nyumba ni kama dola 27,060 kwa mwaka. Katika jimbo lililopanua Medicaid, kikomo cha nyumba ya watu wawili mwaka 2024 kilikuwa 28,207, kwa hiyo huenda akaingia Medicaid. Katika jimbo lisilopanua, kama Texas, aende kwenye soko la bima la serikali, ambako ana siku 60 tangu kupoteza bima. Hii si kazi ya SHIP, ila kumwandikia namba ya simu na tarehe ya mwisho ni kazi ya SHIP.

Jinsi tunavyokifundisha

Kisa hiki hakifai siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya mipaka: uchunguzi wa rekodi za uhalifu, kiapo cha siri, na kuthibitisha kwamba mtu hauzi bima wala hana jamaa atakayenufaika. Mshauri wa SHIP hachagulii mtu mpango. Hapokei zawadi, hata kuku. Hapigi picha kadi ya mteja kwa simu yake. Baada ya hapo ni Sehemu A, B, C na D, na tofauti ya Medicare na Medicaid, majina yanayofanana masikioni mwa wazee wetu kiasi kwamba ni bora kusema "ya umri" na "ya kipato" kila yanapotajwa.

Kisa kinakuja baada ya wanafunzi kukaa kimya pembeni ya mshauri mzoefu mara mbili tatu. Watu watatu kwa kundi, dakika 40: mmoja mshauri, mmoja mzee, mmoja mtazamaji mwenye saa. Anayeigiza mzee amepewa masharti mawili, aseme "bima ya kazini" kila akiulizwa bima, na asitaje pesa mpaka aulizwe. Bahasha inawekwa mezani ikiwa imefungwa. Mtazamaji haandiki majibu. Anaandika dakika ambayo kila swali liliulizwa, na kama bahasha ilifunguliwa. Makundi mengi huanza kutoa ushauri dakika ya tano au ya sita, kadi ikiwa bado haijasomwa. Tunawarudisha mwanzo bila kuwaambia wamekosea nini, na mara ya pili mikono huenda kwenye bahasha kwanza.

Zoezi la simu lisirukwe. Mshauri na mzee wanapiga pamoja Social Security, 1-800-772-1213, au Medicare, 1-800-633-4227. Mkalimani huombwa mwanzoni, bila malipo. Mzee mwenyewe ndiye anayetaja jina lake na tarehe ya kuzaliwa, kisha anatamka kwamba anamruhusu mshauri kuongea. Mshauri anayejifanya ni mteja ili kuokoa muda amevunja sheria. Mtoto wa nyumbani asitafsiri habari za pesa wala za ugonjwa. Tumeona watoto wakiruka sentensi kwa kuogopa kumwaibisha mzazi.

Baada ya mzee kuondoka

Jimbo lina siku 45 kujibu ombi. Mshauri anaweka tarehe tatu kwenye kalenda ya ofisi, wala si kichwani. Mwanzoni mwa Januari: jibu limekuja? Kama halijaja, mzee ajaze CMS-40B, fomu ya kuomba Sehemu B, ndani ya dirisha la jumla, iwe akiba endapo jimbo litakataa. 31 Machi ikipita, atangoja mwaka mwingine, na miezi inaendelea kuhesabiwa kuelekea 24, yaani 20%. Mwezi baada ya jibu la kukubaliwa: pensheni inaingia kamili, au inakatwa ada ya Sehemu B? Taarifa za jimbo na za Social Security huchukua muda kukutana, na kilichokatwa kimakosa hurudishwa, ila mzee akiona makato bila kuonywa hudhani ametapeliwa na huacha kupokea simu. Tarehe ya tatu ni ya kadi mpya. Ikifika, isomwe pamoja naye, mstari wa pili, tarehe iliyo mbele ya PART B. Ikiwa ni 08-01-2024, yaani 1 Agosti 2024, kliniki ipigiwe siku hiyohiyo, mzee akiwa bado ameketi.